Kichwa cha Mzee Valko na Kasha la Majani

Kwetu Bukov Dol mtu akikubali, kichwa chake huenda huku na huku. Akikataa, huenda juu na chini. Tumezaliwa tukaikuta hivyo. Dunia iliyobaki inafanya kinyume, na hilo ni shauri lake. Nalisema mapema kwa sababu ndilo lililomuua Kamen, mwana wa Valko, na sitaki mtu afike mwisho aniambie eti ni yale majani. Majani yalikuwepo, sikatai. Lakini majani yapo kila mwaka.

Huyo Valko alikuwa fundi wa shule yetu. Alitengeneza madawati, akawasha jiko la kuni asubuhi za theluji, akafukuza mbwa uwanjani. Watoto walipokwisha kijijini shule ikafungwa, naye hakumwomba mtu ruhusa. Alikwenda na toroli, akang'oa madirisha yote ya upande wa jua, akayaleta nyumbani. Mkewe, Rayna, alidhani mume ameanza kuchanganyikiwa. Kumbe mwenzake alikuwa na kasha akilini.

Alilijenga uwani, la mbao, limeinama kuelekea kusini. Juu vioo vya shule, chini bati alilolipaka rangi nyeusi. Jua hupiga bati, hewa hupata moto, hupanda yenyewe kupitia trei za wavu na kutokea kwenye bomba la nyuma. Majani yenyewe hayaguswi na jua hata kidogo, maana juu yake hupita kitambaa kizito. Kazi yote iko hapo, jua lichemshe hewa lakini lisiyaone majani. Kabla ya hapo Rayna alikuwa akitandaza majani juu ya magazeti darini, na mnanaa wake ulikauka ukawa rangi ya udongo. Wa kasha la Valko ulitoka kijani ulivyoingia, na maua ya mti wa lipa, tunayoyanywa kama chai, yalibaki na umanjano wake mpaka theluji nyingine. Watu walikuwa wakifungua mfuko wake wa karatasi katikati ya baridi na kunusa kwanza, kabla hata ya kuuliza maji yamechemka au la.

Rayna alijua mimea, Valko alijua hewa. Rayna alipofariki, alikuwa ameshamfundisha mumewe kila jani la msituni, na hasa yale ya kuogopa. Aliyekataa kufundishwa ni mtoto wao wa pekee, Kamen. Kijana yule aliyachukia majani tangu utotoni. Alisema yananuka uzee. Mara tu alipoanza kunyoa ndevu alipanda basi kwenda Hispania kujenga nyumba za watu, na pale kituoni baba yake akamwambia neno ambalo hakuwahi kulisahau: "Nenda tu. Majani hayataki mkono wa mtu asiyeyapenda." Alijuta kabla basi halijakata kona. Lakini Valko alikuwa na kichwa kigumu, na miaka yote iliyofuata walizungumza kwa simu habari za mvua.

Kisha kiharusi kikampiga, baridi ikiwa ndiyo inaanza kulegea. Kilichukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na ulimi. Akili hakikuigusa. Valko alisikia kila kitu, alielewa kila kitu, maneno yalimjaa kifuani tele, ila mlango wa kuyatolea ndio ulioharibika. Alibaki na mgumio, mkono wa kushoto uliokuwa ukitetemeka, na kichwa.

Kamen akaja. Alikuja na begi dogo, na kutokana na udogo wa begi Valko alijua kwamba hakuja kukaa. Mpango aliusikia mwenyewe kupitia ukutani, mwanawe akiongea kwenye simu: kumtafutia baba nafasi katika nyumba ya wazee mjini, kufunga mlango, kurudi kazini. Valko alilala akitazama dari. Jambo moja tu alilitaka duniani, mwanawe abaki, na hilo ndilo hakuwa na njia ya kulisema.

Wiki za kwanza walikosana kila saa. Kamen alikuwa amekaa ugenini muda mrefu hadi kichwa chake na macho yake vilikwisha kugeuka. Baba akikataa chumvi, anawekewa chumvi. Akitaka dirisha lifunguliwe, linafungwa, na kijana anamfunika blanketi juu yake. Walikuwa wakitazamana kama watu wawili waliokamata ncha mbili za shuka moja, kila mmoja akikunja upande wake.

Ila theluji ilipoyeyuka, Kamen, kwa kukosa la kufanya, alianza kulisafisha kasha. Alibadilisha kioo kilichopasuka, akapaka bati rangi upya, akashona wavu uliotatuka. Valko alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu barazani, akimtazama kwa pembe ya jicho. Siku ya jua la kwanza Kamen aliweka kiganja kwenye mdomo wa bomba kusikiliza hewa inavyotoka, akafumba macho kidogo. Valko mwenyewe alikuwa akifanya vivyo hivyo, tangu kasha likiwa jipya. Moyo ulimruka mzee wa watu.

"Baba," Kamen alisema bila kugeuka, "nafikiria nisirudi kule. Nafikiria mimi na wewe tuyakaushe haya madude yako. Unaonaje?"

Valko aligumia na machozi yakamtoka. Siku hiyo hapakuhitajika kichwa.

Sasa njooni dukani. Duka letu ni la Tota, mjane mwenye mdomo usiopumzika, aliyemjua Kamen tangu akiwa na nepi. Kamen aliingia kununua mkate.

"Na rakiya je, nikupe?" Tota aliuliza, chupa ya pombe hiyo kali iko mkononi.

Kamen akainamisha kichwa, juu, chini. Tota akairudisha chupa rafuni.

"Shangazi, mbona unairudisha?"

"Si umekataa!"

"Nimekubali!"

"Umekubali kwa nani? Kichwa chako umekisahau Valencia, mtoto wewe?" Tota alicheka mpaka akashika kaunta. Halafu akaacha kucheka ghafla, kama kawaida yake. "Sikiliza. Baba yako hana ulimi. Amebakiwa na kichwa tu, nacho ni kichwa cha hapa. Ukikisoma kihispania utamtesa mzee wa watu. Rudisha macho yako nyumbani."

Kamen aliona aibu mpaka masikio yakawa mekundu. Njiani alijifunza peke yake, akiiambia miti: huku na huku ndiyo, juu na chini hapana. Aliapa kwamba kuanzia siku hiyo atamsoma baba yake kama watu wa Bukov Dol wanavyosomana. Hakumwambia. Alitaka mzee aone mwenyewe kwamba mambo yamekuwa mepesi.

Na Tota, kwa mdomo wake ule, alipofunga duka alipitia kwa Valko kumuaga. Alikuwa anakwenda mjini kwa binti yake hadi Jumapili. Akamsimulia kisa cha chupa huku akijifuta machozi ya kicheko. "Kaka Valko, umezaa Mhispania!" Akaenda zake. Hakusema neno juu ya ule ushauri aliompa Kamen. Aliona kichekesho ndicho kitamu.

Valko alibaki anawaza. Mtoto huyu ananinyanyua, ananiogesha, ananilisha kwa kijiko, na juu ya hayo anaacha kazi yake kwa ajili yangu. Nami nimlazimishe ajifunze kichwa upya? Mimi ndiye nisiye na kazi. Acha nijipinde mimi. Maisha yake yote hakuwahi kujipinda kwa ajili ya kijana yule. Akaanza kujizoeza pale barazani, polepole, kwa shida, kama mtu anayejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto: juu na chini ndiyo, huku na huku hapana.

Mnaona walikofika. Kila mmoja alitoka kumlaki mwenzake, mmoja akapita mlango wa mbele na mwingine wa nyuma.

Jioni ile Kamen aliuliza, "Chai, baba?"

Valko hakutaka chai. Kichwa kikaenda huku na huku. Kamen akaleta chai ya mnanaa, akiwa na furaha ya mtu aliyeelewa. Valko alidhani kijana hakuwa anatazama vizuri. Akainywa kwa adabu mpaka mwisho. Laiti angeimwaga! Mpaka leo nikikiona kikombe kile kwenye kabati la Tota natamani kukivunja.

Kesho yake Kamen alipanda msituni kuchuma levurda, kitunguu saumu chetu cha mwituni, ambacho watu wanalila jani lake bichi na mkate, na likikauka hulifikicha kwenye supu. Alirudi na kapu limejaa, nguo zikinuka, anapiga mluzi. Alitandaza majani kwenye trei, akazisukuma ndani ya kasha, na adhuhuri ile jua lilikuwa kali hata kufikia saa za alasiri uwanja mzima ulinukia saumu. Ndipo alipochomoa trei moja na kuipeleka barazani.

"Haya mkaguzi, tazama kazi ya mwanao. Yako sawa?"

Valko alitazama. Mengi yalikuwa levurda safi, laini, kila jani juu ya kikonyo chake chembamba. Lakini katikati yake yalilala mengine, mazito, yanayong'aa, yasiyo na kikonyo, na mawili kati yake yalikuwa bado yamekumbatiana pale chini kama yanavyotoka ardhini. Huo ni mrazovets. Unaota ukingoni mwa malisho, palepale levurda inapoishia, na hauna harufu; ila mkono uliokwisha kunuka saumu hukinukisha saumu kila unachokigusa, na ndani ya kasha lile hata msumari ungenuka saumu. Rayna alikuwa akiyachambua majani jani moja moja kwenye maji kabla hayajaona wavu. Tuna makaburi ya waliokula mrazovets pale kanisani. Hauna dawa.

Valko alitikisa kichwa kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Huku na huku, huku na huku. Hapana, mwanangu, hapana.

"Ndiyo!" Kamen alipiga kelele ya furaha. "Nilijua tu! Na wewe ulisema mkono wangu hayautaki!"

Valko alielewa papo hapo. Kijana amerudi nyumbani, anasoma kama kwetu! Akabadilisha upesi, akainua kichwa juu, akakishusha, juu, chini, shingo ikimuuma.

Kamen akaangua kicheko. "Na ya Hispania pia! Ndiyo mbili! Baba, wewe kweli mjanja, umejifunza ili unifurahishe." Akamkumbatia, akambusu kipajini. "Usilie, mzee wangu. Usilie sasa."

Basi. Kuanzia hapo kichwa cha Valko kikawa hakina hapana ndani yake. Kikienda huku ni ndiyo, kikienda juu ni ndiyo. Aligumia, akanyoosha mkono wa kushoto kuikamata trei, lakini Kamen alikuwa ameshaibeba kuirudisha kwenye joto, maana jani likipoa katikati linaoza.

Alfajiri Valko alijitupa chini kutoka kitandani. Alitambaa kwa kiwiko kimoja, akivuta nusu yake iliyokufa, nia yake afike uwani avunje hata kioo kimoja, apindue hata trei moja. Alifika kwenye ngazi za baraza. Akaporomoka. Kamen alimkuta pale, uso una michubuko, mkono umenyooshwa kuelekea kasha.

"Unakwenda kazini bila mimi?" alisema, lakini sauti ilikuwa ya woga. "Baba, utajiua. Ngoja kwanza upate nguvu." Akamrudisha kitandani, na pembeni akapanga viti viwili asianguke tena. Alikuwa amemfungia ndani kwa upendo, na mzee alisikia majani yakigeuzwa huko nje, sauti yake ikizidi kuwa kavu.

Jumapili mchana majani yalikuwa tayari. Yalivunjika kwa mlio, kama inavyotakiwa. Kamen alipika supu ya viazi, akafikicha majani ndani kwa ngumi, akaongeza mtindi juu. Alimvisha baba yake shati jeupe, akamsogeza mezani, akamfunga kitambaa shingoni.

"Ya kwanza ya kasha letu," alisema. "Mama angefurahi."

Alipeleka kijiko mdomoni mwa baba. Valko alikaza meno. Kamen akasubiri, akajaribu tena, na hapo mkono wa kushoto ukainuka na kulipiga bakuli likaruka mpaka ukutani.

Kamen aliinuka. Alipanguza ukuta, akapanguza magoti ya baba, kisha akakaa mbele ya bakuli lake mwenyewe.

"Sawa," alisema. "Hivi mimi hakuna kitu naweza kufanya kikakupendeza? Toka utotoni. Nikiacha majani, kosa. Nikishika majani, kosa. Kama unataka niende zangu, sema." Akajisikia alichosema, akafunika uso. "Samahani. Samahani, baba. Nina njaa tu."

Akala. Valko alitikisa, akainua, akagumia kwa sauti ambayo jirani wa karibu angeisikia, kama angebaki hata mmoja. Kamen alikula ameinamisha uso ili asimwone, mwenye uchungu wake, na alipomaliza akajiongezea, makusudi, ili baba aone kwamba chakula ni kizuri.

Tota alirudi na basi la alasiri. Alipita kusalimu, akamkuta Valko peke yake barazani, uso umevimba, shati lina madoa. Tota si mjinga. Alipiga magoti mbele ya kiti.

"Kuna jambo baya?"

Huku na huku.

"Limempata Kamen?"

Huku na huku.

"Amefanya nini, amekunywa? Amekupiga?"

Juu, juu. Kisha macho ya Valko yakaenda kwenye kasha, yakarudi kwake, yakaenda kasha. Tota alitembea kulifungua. Trei ya mwisho ilikuwa bado ina majani. Aliokota moja, akaliinua kwenye mwanga. Sitayasahau mayowe yale. Nilikuwa bustanini kwangu, mbali kule chini, nikatupa jembe.

"Kamen! Umekula haya? Umekula?"

"Nimekula, shangazi, kuna nini? Baba aliyaona, alisema ndiyo." Alitoka nje akiwa mzima kabisa, na hicho ndicho kilichotutisha. "Niliuliza. Alisema ndiyo mara mbili."

Alianza kutapika gari la hospitali likiwa bado linapanda mlima.

Mrazovets ni katili kwa namna yake. Humwangusha mtu, kisha humwinua kidogo. Baada ya usiku mbili Kamen aliacha kutapika, akaomba maji, akamtania nesi. Sisi tukaanza kushukuru. Daktari hakushukuru, alimwambia Tota kwamba figo na damu ndiyo kwanza zinaanza kuanguka, amlete baba mtu mapema.

Tukampeleka. Wodi ile haimruhusu mtu kupita mlango bila barakoa, kwa hiyo nesi alikisimamisha kiti cha Valko kizingitini, akaenda kumtafutia moja. Mimi na Tota tuliachwa nyuma kwenye korido. Kamen alikuwa kitandani upande wa dirisha, amekuwa wa njano, macho makubwa. Alimgeukia baba yake. Tota, aliyekwisha kumuuliza mzee swali moja moja, alikuwa ameshamweleza kijana yote, kila kichwa kilipokwenda na kilichomaanisha.

"Baba," alisema, na sauti ilitufikia hata sisi. "Unanilaumu?"

Valko alifungua mdomo. Kifuani neno lilikuwa moja tu, hapana, hapana mwanangu, na kichwa kilikuwa chake kukisogeza. Lakini kijana yule sasa anasoma kwa namna ya wapi? Amerudi Bukov Dol, au maumivu yamemrudisha Valencia? Au anadhani baba bado anajipinda? Hatua chache tu zilikuwa kati yao, na mkono wa kushoto haukuweza kuzivuka.

Aliinua kichwa, juu, chini, kwa namna ya kwetu, kwa namna ya baba yake na babu yake. Hapana.

Kamen aliangalia. Kitu kilipita kwenye midomo yake, na Tota anaapa kuwa ni tabasamu. Mimi nilikuwa palepale, na sijui. Kisha akageuza uso dirishani, nesi alipokuja na barakoa kijana alikuwa hajitambui tena, na tulipoitwa tena asubuhi ilikuwa ni kwa ajili ya nguo za kumvisha.

Karatasi ya msiba yenye picha yake bado imebandikwa mlangoni kwao, mvua imeifuta nusu. Kasha lipo uwani, vioo vyake vimejaa vumbi. Tota amemchukua Valko nyumbani kwake, anamwosha, anamgombeza, anamsomea magazeti. Kila jioni humuuliza, "Kaka Valko, chai?" Valko anamtazama machoni na shingo yake haiendi popote. Tota anamwekea kikombe mbele yake hata hivyo, nacho kinapoa.